Toa Mililita Hamsini Kabla ya Kuwasha Gari la Wagonjwa
Hotuba kwa madaktari, matabibu na wauguzi wa vitengo vya dharura, Tanga

Mwenyekiti wa kikao, waganga wafawidhi, madaktari, matabibu, wauguzi, ndugu zetu wa picha na maabara, na madereva wa magari ya wagonjwa ambao safari hii tumewaita makusudi: asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Waliotoka Lushoto, Kilindi na Handeni wana safari ya kurudi, na Tanga ni waja leo waondoka leo, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe. Nimeombwa nizungumzie maji yanayojaa kuzunguka moyo, na namna ya kumhudumia mgonjwa wa aina hiyo akifika mapokezi ya dharura. Hoja yangu ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: mgonjwa ambaye moyo wake umebanwa na maji asipakiwe kwenye gari kwenda Dar es Salaam kabla hajatolewa walau mililita 50 za kwanza. Kutoka hapa hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ni kama kilomita 350. Moyo uliobanwa hauna akiba ya kufika Segera, sembuse Chalinze.

Tuanze na mfuko wenyewe. Moyo umefunikwa na mfuko wa matabaka mawili, perikadia, na katikati yake kwa kawaida kuna maji ya mililita 15 hadi 50, ya kulainisha tu. Tabaka la nje ni gumu. Tabia yake ni ya gunia la mkonge, si ya puto: ukilijaza kwa ghafla halitanuki, linabana kilichomo, ukilijaza kidogo kidogo kwa wiki nyingi, nyuzi hulegea likapokea mengi. Ndiyo maana mtu aliyechomwa kisu anaweza kufa kwa mililita 150 au 200 za damu, huku mama mwenye kifua kikuu akiingia mlangoni kwa miguu yake na lita nzima ndani ya mfuko. Kinachoua ni shinikizo, na shinikizo linategemea kasi ya kujaa kuliko wingi.

Sasa angalieni upande wa kulia wa moyo. Atria (chumba cha juu) na ventrikali (chumba cha chini) ya kulia zina kuta nyembamba na hujazwa kwa shinikizo dogo la damu inayorudi kutoka mwilini. Shinikizo la mfuko likilifikia hilo, vyumba hivyo havijai tena. Kisichojaa hakina cha kusukuma. Moyo unajitetea kwa kwenda mbio, mishipa ya mikono na miguu inajikaza, presha inashikiliwa kwa muda, damu inarudi nyuma kwenye shingo na ini. Halafu kunafika mahali ambapo kila mililita chache zinazoongezeka zinapandisha shinikizo kwa kiasi kikubwa mno, na mgonjwa aliyekuwa anaongea anaporomoka ndani ya dakika chache. Uzuri ni kwamba njia hiyo hiyo hutumika kurudi. Mililita 30 hadi 50 za kwanza unazotoa ndizo zenye nafuu kubwa kuliko zote zitakazofuata. Hiyo hamsini ninayoing'ang'ania imetoka hapo.

Kwa wagonjwa wetu, mtuhumiwa wa kwanza ni kifua kikuu, hasa kwa mtu anayeishi na VVU. Baada yake kuna saratani, ya matiti na ya mapafu zikitangulia, figo zilizoshindwa kazi, usaha wa bakteria, saratani ya Kaposi, virusi, tezi ya shingo iliyolegea, upasuaji wa moyo wa karibuni, na majeraha ya kifua. Mtu akija na pumzi fupi, ukamwona kwenye kadi ana figo mbovu au anameza dawa za saratani, kichwa chako kiende kwenye mfuko wa moyo kabla hakijaenda kwenye nimonia.

Shida ni kwamba ugonjwa huu haujitambulishi. Mgonjwa analalamika kuishiwa pumzi, kifua kuwa kizito, kuchoka hata kwa kutembea kwenda msalani, pengine kuvimba miguu na tumbo. Analazimika kukaa ameinamia mbele. Mapigo yanakimbia zaidi ya 100 kwa dakika. Anaandikiwa pumu, anaandikiwa moyo kushindwa, anaandikiwa malaria yenye upungufu wa damu. Dalili tatu alizozieleza mpasuaji wa Marekani, Claude Beck, mwaka 1935 (presha kushuka, mishipa ya shingo kujaa, sauti za moyo kufifia) bado tunawauliza wanafunzi kwenye mitihani, lakini kwa wagonjwa halisi zote tatu huonekana kwa pamoja kwa wachache tu. Presha ikishashuka, umechelewa. Na kuna anayekuja na presha ya juu, hasa mgonjwa wa figo, huku moyo umebanwa vilevile. Msimwondoe kwenye orodha kwa sababu presha yake ni 150.

Kuna kitu kimoja nataka leo kila muuguzi aondoke anakijua, kwa sababu hakihitaji mashine ya gharama: kupima kiasi presha inavyoshuka mgonjwa anapovuta pumzi. Chukua kile kifaa cha presha cha kupampu kwa mkono, pamoja na stetoskopu. Mashine inayojipima yenyewe haifai hapa. Mwache mgonjwa apumue kama kawaida. Usimwambie avute pumzi ndefu, utaharibu kipimo. Pampu hadi milimita 20 juu ya presha yake, kisha legeza skrubu polepole sana, milimita 2 kwa sekunde au chini ya hapo. Utafika mahali mapigo yanasikika halafu yanapotea, yanasikika halafu yanapotea. Mtazame kifua: yanasikika akitoa pumzi, yanapotea akivuta. Andika namba hiyo, tuseme 104. Endelea kulegeza mpaka mapigo yasikike mfululizo, akivuta na akitoa. Tuseme ni 84. Tofauti ni 20. Kwa mtu mzima, tofauti inayozidi 10 si ya kawaida, na pamoja na mishipa ya shingo iliyojaa inatosha kukufanya ukimbilie ultrasaundi. Pumu kali nayo huleta tofauti hiyo, kwa hiyo sikiliza mapafu. Na inaweza kukosekana kwa mtu ambaye mapigo hayana mpangilio, mwenye valvu ya aota (ateri kuu itokayo moyoni) inayovuja, mwenye tundu kati ya atria mbili, au aliyepungukiwa sana maji mwilini. Ikiwepo inakusaidia, isipokuwepo haikupi ruhusa ya kulala.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na eksirei nitazipitia haraka. ECG huonyesha mawimbi mafupi, QRS (wimbi la ventrikali kukaza) chini ya milimita 5 kwenye lidi, yaani nyaya, za mikono na miguu, na mara chache urefu wa QRS unapishana, pigo moja refu pigo moja fupi. Ukiuona huo mpishano uamini, usipouona usiseme lolote. Eksirei huonyesha moyo uliotanuka kama kibuyu maji yakishazidi mililita 200 hivi. Aliyejaa kwa ghafla ana eksirei safi. Na mgonjwa anayehema namna ile hapelekwi chumba cha eksirei akasimama ukutani.

Ultrasaundi ndiyo inayoamua. Probu (kichwa cha mashine kinachogusishwa ngozini) ya moyo ni bora, lakini ile pana ya tumbo, ambayo wilaya nyingi wanayo kwa ajili ya wajawazito, inatosha kabisa kwa dirisha la chini ya chembe cha moyo. Nasisitiza hilo kwa sababu nimesikia sana ile kauli ya “sisi hatuna eko”, yaani ultrasaundi maalumu ya moyo. Mashine ipo, imefunikwa kitambaa kliniki ya wajawazito. Ulizeni funguo anakaa nazo nani usiku.

Weka kina cha picha kati ya sentimita 16 na 20 kwanza, uone mpaka nyuma ya moyo, ndipo upunguze. Laza probu karibu bapa chini ya chembe, ielekee bega la kushoto, mgonjwa akunje magoti tumbo lilegee, avute pumzi kidogo ashikilie kama anaweza. Ini litakuwa juu ya picha na ndilo dirisha lako. Kati ya ini na ventrikali ya kulia tafuta ukanda mweusi. Kisha hamia kushoto mwa kidari, nafasi ya tatu au ya nne kati ya mbavu, upate moyo kwa urefu. Hapo ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo tutulie.

Kosa la kwanza ni kuita maji ya pafu la kushoto maji ya moyo. Tafuta aota inayoshuka, duara dogo nyuma ya atria ya kushoto. Maji ya mfuko wa moyo hupita mbele ya duara hilo, kati yake na moyo. Maji ya pafu hukaa nyuma yake. Kosa la pili ni mafuta: ukanda ulio mbele tu, wenye nukta za kijivu, unaotembea pamoja na moyo, bila chochote nyuma, mara nyingi ni mafuta ya kawaida. Mgonjwa akiwa amelala, maji yasiyofungwa na makovu hutangulia kukaa nyuma. Kosa la tatu linaogopesha zaidi: damu iliyoganda si nyeusi. Ni ya kijivu kama nyama, na jicho linalotafuta weusi litaipita. Aliyechomwa kisu au aliyetoka kupasuliwa moyo, tafuta kijivu kilichokaa mahali kisipotakiwa, hata kama ni upande mmoja tu.

Pima unene wa maji moyo ukiwa umetanuka kati ya pigo na pigo. Chini ya milimita 10 ni kidogo, 10 hadi 20 ni wastani, zaidi ya 20 ni mengi. Halafu usiishie hapo. Ripoti inayosema “maji mengi” bila kusema kama moyo umebanwa haimsaidii aliyeko kitandani. Angalia kuta. Atria ya kulia ikibonyea ndani wakati ventrikali inakaza, na ikabaki imebonyea zaidi ya theluthi moja ya mzunguko wa pigo, hiyo ni alama ya mapema. Ventrikali ya kulia ikibonyea wakati inatakiwa kutanuka, hiyo ina uzito zaidi. Mapigo yakiwa 130 jicho halifuati. Weka mstari wa M (unaoandika mwendo wa kuta kadiri muda unavyokwenda) ukate ukuta wa ventrikali ya kulia na jani la valvu ya mitrali, ile ya kushoto, kwa pamoja: jani likifunguka huku ukuta unazama, umeona. Mwisho, mshipa mkubwa wa chini unaopita ndani ya ini. Ukiwa na zaidi ya milimita 21 na haupungui nusu mgonjwa akinusa kwa nguvu, shinikizo limepanda. Mshipa mwembamba unaojifunga vizuri ukufanye utilie shaka kwamba moyo umebanwa, isipokuwa kwa mtu aliyekaukiwa kwa kutapika, kuhara au kuvuja damu. Na ventrikali ya kulia iliyozoea shinikizo kubwa la mapafu inaweza isibonyee ingawa mambo ni mabaya. Picha unaisoma pamoja na mgonjwa, humsomi mgonjwa kupitia picha.

Sasa yale yanayoua wakiwa mikononi mwetu. La kwanza ni Lasix, dawa ya kukojoza maji ya mwili. Mtu amevimba miguu, shingo imejaa, anahema. Mkono wa kila mmoja wetu unaenda kwenye Lasix wenyewe. Lakini shinikizo lile la mishipa ndilo pekee linalolazimisha damu kuingia kwenye moyo uliobanwa. Ukilipunguza, umeufungia mlango. Nitrati, dawa za kulegeza mishipa, ni kosa lilo hilo. La pili ni kumlaza chali ili “apumzike” au ili picha iwe nzuri. Amechagua kukaa kwa sababu. Mwache akae, digrii 30 hadi 45, na maji nayo yatashuka mbele na chini yakufuate kwenye sindano. La tatu, na hili nawaambia hasa wenzetu wa usingizi: mrija wa hewa. Dawa za kulaza zinalegeza mishipa, mashine inasukuma hewa kwa shinikizo kifuani, damu inayorudi inapungua mara mbili kwa wakati mmoja. Moyo unasimama dakika ile ile mrija unapopita. Kama hakuna namna, basi ngozi iwe imeshasafishwa, sindano mkononi, ketamini nusu ya kipimo cha kawaida, pumzi za mashine ziwe chache na ndogo, na shinikizo la mwisho wa pumzi karibu na sifuri. Afadhali mara mia kutoa maji kwa ganzi ya ngozi, mgonjwa akiwa macho.

La kufanya wakati vifaa vinaandaliwa: oksijeni, mirija miwili mikubwa ya mshipa, damu ya kupima makundi, hemoglobini, chembe sahani, INR (kuganda kwa damu) na kreatinini (figo), bila kusubiri majibu kama anazimika. Namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 100, mpe mililita 250 hadi 500 za dripu ya chumvi ndani ya dakika 10 hadi 20, kisha pima. Usimwage lita mbili. Moyo uliojaa kupita kiasi unazidi kubanwa ndani ya mfuko ule ule. Presha ikiendelea kuzama, changanya adrenalini miligramu 1 kwenye dripu ya mililita 500: kila mililita inabeba mikrogramu 2. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita, matone 20 kwa dakika ni mikrogramu 2, matone 100 ni mikrogramu 10, na hapo katikati ndipo mnapochezea. Hiyo ni kununua dakika tu. Na moyo ukisimama, kukandamiza kifua peke yake hakuna tija maji yakiwa bado ndani. Mmoja akandamize, mwingine achome.

Vifaa. Seti maalumu yenye katheta iliyojikunja mwishoni, unene wa French 6 hadi 8, ikiwepo, alhamdulillahi. Isipokuwepo, seti ya katheta ya mshipa mkubwa yenye njia moja hufanya kazi ile ile: sindano, waya elekezi, kitanuzi, katheta. Kisipokuwepo hata hicho, kanula ya 14 au 16 inafika pale maji yalipo sentimita mbili tatu chini ya ngozi, lakini chini ya chembe mara nyingi ni fupi. Sindano ya uti wa mgongo ya 18, yenye sentimita 9, inafika. Ubaya wake ni chuma kikali kinachobaki karibu na moyo unaocheza, kwa hiyo ni ya kutolea zile hamsini na kuchomolewa. Ongeza koki ya njia tatu, mabomba ya mililita 10 na 50, lignokeini ya asilimia 1, blade, uzi, chupa safi za sampuli, na mfuko wa mkojo wa kukusanyia.

Mahali pa kuchoma panachaguliwa na ultrasaundi. Unataka pale ambapo maji ni mengi, yako karibu na ngozi, na njiani hakuna ini wala pafu, na maji yawe na unene wa milimita 10 au zaidi moyo ukiwa umetanuka. Soma kwenye kioo umbali wa ngozi hadi maji, na wa ngozi hadi moyo. Namba hizo mbili zitamke kwa sauti, msaidizi aziandike: “Maji sentimita nne, moyo sita.” Ukifika tano hujapata kitu, unasimama. Weka alama ya kalamu, kumbuka mwinamo wa probu, na mgonjwa asisogezwe tena.

Kwenye ncha ya moyo, kwa kawaida nafasi ya tano hadi ya saba kushoto, pita juu ya ukingo wa juu wa ubavu kwa sababu mishipa inajificha chini ya ubavu. Hatari ya hapo ni pafu. Pembeni mwa kidari, gusa ukingo wa mfupa au uende mbali nao, kwa kuwa ateri ya kifua inashuka kama sentimita moja kutoka ukingoni, na kuitoboa ni kumpa mgonjwa tatizo jipya. Chini ya chembe ndiyo njia iliyozoeleka: ingia pembeni ya chembe, kati yake na ukingo wa mbavu za kushoto, sindano ikifanya digrii 30 hadi 45 na ngozi, ukishapita chini ya ubavu iteremshe iwe bapa zaidi, uelekee bega la kushoto. Hatari ya hapo ni ini. Kuchoma bila picha ni kwa mtu anayekufa mbele yako na mashine haipo, basi.

Ganzi, mililita 5 hadi 10, iingie mpaka chini na usivuke miligramu 3 kwa kilo. Kisha sindano, huku unavuta pistoni muda wote, milimita kwa milimita. Utahisi kizuizi, halafu kulegea, halafu bomba linajaa. Monita ikianza kuonyesha mapigo ya ziada, rudi nyuma kidogo, umegusa moyo. Yakitoka maji ya rangi ya chai nyepesi, hakuna ubishi. Ikitoka damu, usipaniki na usijidanganye. Maji ya kifua kikuu na ya saratani mara nyingi ni mekundu kabisa. Ile imani kwamba damu ya mfuko haigandi usiitegemee. Inayovuja kwa kasi huganda. Fanya hivi: kwenye koki ya njia tatu unganisha mabomba mawili, moja lina mililita 9 za maji ya chumvi na hewa mililita 1, sukuma huku na huku mara kumi, toa hewa iliyobaki juu, kisha ingiza mililita 5 huku mwenzako ameshikilia probu. Povu jeupe likimwagika ndani ya mfuko kuzunguka moyo, uko sawa. Likitokea ndani ya ventrikali, uko ndani ya moyo. Kama ni sindano tu, chomoa, bana, tazama upya. Kama ni katheta nene imeshaingia, usiichomoe: ifunge, iache, umpigie mpasuaji.

Waya uteleze bila kulazimishwa, uonekane kwenye madirisha mawili ndani ya mfuko, ndipo ukate ngozi milimita tatu na kupitisha kitanuzi. Kitanuzi ni cha nyama, hakiendi kutanua moyo. Kina chake hakizidi ile namba ya maji iliyoandikwa. Katheta iingie, ishonwe, ifungwe koki.

Toa mililita 50, simama, pima presha na mapigo. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe atakwambia kabla ya mashine. Endelea kwa awamu, na mara ya kwanza usivuke lita moja. Ukimwaga yote kwa pupa, kuna wanaopata maji kwenye mapafu au ventrikali kushindwa ghafla, saa chache baadaye au hata siku ya pili, hasa waliokaa na maji miezi mingi. Iliyobaki itatoka kwa katheta: fungua kila saa 4 hadi 6, pima, andika, sukuma mililita 2 hadi 5 za chumvi safi ili isizibe. Ikitoa chini ya mililita 30 kwa saa 24 na ultrasaundi imekubali, iondoe; kadiri inavyokaa ndivyo vijidudu vinavyopata njia.

Maji yenyewe yasimwagwe kwenye ndoo. Chupa safi kwa GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya kifua kikuu) na kuotesha, chupa ya zambarau kwa kuhesabu seli, nyingine kwa protini na ADA (kimeng'enya kinachopanda kwenye kifua kikuu), na mililita 50 au zaidi kwa wanaotafuta saratani. GeneXpert ikisema hakuna, kifua kikuu hakijaondoka. Kwenye maji ya moyo bakteria ni wachache. Kwa mikoa yenye kifua kikuu kingi kama yetu, chanzo kingine kisipopatikana, dawa huanzishwa: miezi miwili ya dawa nne, miezi minne ya dawa mbili. Kuhusu predinisoloni, dawa ya steroidi, utafiti wa nchi 8 za Afrika wenye wagonjwa 1,400, uliochapishwa 2014, haukuonyesha kupunguza vifo kwa ujumla wake. Ulipunguza mfuko kukakamaa na kulazwa tena, lakini wenye VVU waliopewa walipata saratani zaidi. Kwa hiyo isiandikwe kwa mazoea, na kwa mwenye VVU mtu afikiri mara mbili.

Kuna ambao sindano si jibu lao. Aliyechomwa kisu kati ya chuchu na chuchu, kuanzia mtulinga hadi mwisho wa mbavu, ana damu iliyoganda. Sindano itatoa kidogo au isitoe kabisa. Huyo ni wa damu na chumba cha upasuaji, na sindano ni ya kumvusha tu kama mpasuaji yuko njiani. Akiwa na damu kwenye kifua cha kushoto, mfuko uliotoboka unaweza kuwa unamwagia huko na ultrasaundi ikaonekana safi. Rudia baada ya dakika chache. Aliyechanika aota, mwenye maumivu ya ghafla yanayopenya mgongoni na mzizi wa aota unaozidi sentimita 4, akitolewa maji mengi presha inaruka na mpasuko unaendelea. Toa kiasi cha kufikisha presha 90, usizidishe. Usaha nao huziba katheta nyembamba na unahitaji kufunguliwa kwa upasuaji na kuoshwa. INR iliyozidi 1.5 au chembe sahani chini ya 50,000 zirekebishwe kwanza, kama muda upo.

Sasa madereva na wauguzi wa rufaa. Anayetoka Lushoto atashuka kona zote za Soni hadi Mombo akiwa na katheta kifuani. Ishonwe mara mbili, koki ifungwe, na bomba la mililita 50 lisafiri limefungwa pamoja naye. Presha ikishuka njiani, simamisheni gari, fungueni koki, toeni 50, pimeni, ndipo muendelee. Muuguzi asiyejua kufungua koki asipande. Barua ya rufaa iseme saa ya kuchoma, mahali, maji kiasi gani, rangi gani, presha kabla na baada, na sampuli ziko wapi. Wa Muheza na Pangani mnaofika Hospitali ya Bombo hapa Tanga kwa mwendo mfupi mtasema afadhali kukimbia tu. Kama mgonjwa anaongea na presha imeshikilia, kimbieni mkiwa mmepiga simu. Kama anazimika, hata hiyo saa moja hana.

Mezani nyuma kuna mifano mitano ya kuchomea. Ni jelatini iliyogandishwa kwenye beseni, ndani kuna puto la maji ya rangi, na ndani ya puto kuna mpira wa pingpong ambao ndio moyo. Mkisikia “ko”, mmegusa moyo, mnatoa sindano mnaanza upya. Tugawane watu sita sita, kila kundi liwe na daktari, tabibu na muuguzi, na anayeshika probu asiwe ndiye anayeshika sindano mpaka kila mtu awe amepita pande zote mbili.